Nyanya akisema anataka kwenda Kapedo: Jinsi ya kupanga siku moja ya familia nzima

Likizo ikikaribia, kundi la WhatsApp la familia huamka. Mjomba wa Nakuru anauliza nani anakuja. Shangazi wa Kakuma anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne. Kisha binamu mmoja anaweka picha aliyoiokota mtandaoni: familia iko kwenye mashamba ya zabibu kule Stellenbosch, Afrika Kusini, babu amevaa kofia, watoto wanakimbia kati ya mizabibu, mama ameketi kivulini. Chini ya picha ameandika, "Na sisi je?" Watu wanacheka, wanaweka vikatuni, na baada ya siku mbili kundi limelala tena.

Swali la huyo binamu lina maana kuliko anavyodhani. Watu wanaopeleka familia nzima kwenye mashamba ya zabibu, iwe Stellenbosch au hapa jirani Dodoma, hawaendi kwa sababu ya mvinyo peke yake. Mtoto wa miaka mitano hanywi mvinyo, na babu mwenye presha daktari amemkataza. Wanaenda kwa sababu ni mahali pamoja panapowatosha watu wa mwendo tofauti. Mmoja anatembea, mwingine anakaa, mwingine anakula, mwingine anapiga stori, na jioni wote wanarudi na gari moja.

Sisi mizabibu hatuna. Tuna mikoma, maji ya moto na ziwa, na hiyo ni mali tosha.

Leo naongea hasa na wewe ambaye kwenu ni Kapedo lakini mnaishi Lodwar, Lokichar au Kakuma. Una miaka ishirini na kitu, una simu, na ukoo mzima unakuona kama mtu wa kupanga mambo kwa sababu "wewe ndiye uliyesoma". Mimi mwenyewe chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokatika, na bado mambo ya kupanga huangukia kwangu. Kwa hivyo shika kalamu tupange.

Kwanza, nyanya atasema Kapedo

Ukimuuliza nyanya anataka kwenda wapi, jibu unalijua. Atasema nyumbani. Atakuambia kuhusu maji yanayotoka ardhini yakiwa moto, takriban nyuzi 50, halafu yanaporomoka mwambani na kuwa mto. Huo ndio Mto Suguta, unaoshuka kwenda kaskazini kuelekea Ziwa Logipi. Atakuambia kuhusu mikoma iliyosimama kando ya maji, na mlima wa volkano wa Silali. Watu wameoga kwenye maji hayo vizazi na vizazi. Hakuna aliyehitaji kulipia spa.

Kabla hujamwambia ndiyo wala hapana, jua mambo mawili.

La kwanza ni umbali. Kutoka Lodwar unashuka hadi Lokichar kwa lami, kisha unaacha lami na kuelekea Lokori, Lomelo, halafu Kapedo. Kwa njia hiyo, kwenda na kurudi siku moja na mtu wa miaka sabini ndani ya gari ni adhabu. Wanaotoka upande wa kusini hupitia Nakuru, Marigat na Nginyang, na hapo siku moja inaweza kutosha ukianza mapema sana.

La pili ni usalama, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kapedo iko mahali ambapo Turkana na Baringo zinapakana, na kila upande unasema ni kwake. Mwaka wa 2014 takriban maafisa 20 wa polisi waliuawa katika shambulio la kuvizia karibu na hapo. Januari 2021 afisa wa ngazi ya juu wa GSU aliuawa kwenye barabara ya kwenda Kapedo, operesheni ikafuata, familia zikahama na shule zikafungwa. Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, zikiwemo Turkana na Baringo, kuwa maeneo hatari yenye vurugu. Huenda nyinyi wenyewe mko Lodwar kwa sababu ya moja ya miaka hiyo.

Na tusisahau, ng'ambo ya mpaka kuna nyanya Mpokot anayewaambia wajukuu wake kuhusu maji yale yale, na yeye pia anaogopa barabara.

Basi fanya hivi. Usiamue kwa habari za mtandaoni, na usiamue kwa hamu. Piga simu kwa watu watatu wanaoishi Kapedo au wanaopita njia hiyo kila wiki: jamaa, mwalimu, dereva wa lori la bidhaa. Uliza swali moja tu: "Wewe ungepeleka watoto wako wiki hii?" Mmoja akisita, jibu ni hapana. Wote wakisema sawa, bado piga tena asubuhi ya safari, na uwaarifu chifu na polisi wa huko kwamba mnakuja. Usimwahidi nyanya tarehe ambayo barabara haijakubali.

Mara nyingi jibu litakuwa "bado". Wengi wetu tukifika hapo tunazima mpango wote, na nyanya anabaki ameketi uani Lodwar mwaka mwingine. Lakini kuna mahali pengine.

Mahali panapofanana na nyumbani

Ukiwa Lodwar, fikiria Eliye Springs. Ni kilomita 65 hivi. Unafuata barabara ya Kalokol, kisha unachepuka kuelekea ziwani. Kule kuna chemchemi za maji matamu zinazotoka mchangani karibu kabisa na ziwa, na kuna mikoma. Maji si ya moto kama ya Kapedo, lakini ni maji yanayotoka ardhini chini ya mikoma, na mtu aliyezaliwa Kapedo hahitaji kuelezwa zaidi. Mkalishe tu hapo, unyamaze.

Ziwa lenyewe lina mengi ya kumpa kila mtu. Kijana wa shule umwambie hili ndilo ziwa kubwa zaidi duniani la kudumu lililo jangwani, na kwamba sehemu kubwa kabisa ya maji yake inatoka Mto Omo kule Ethiopia. Mama huenda anakumbuka zile siku za darasani walipoambiwa jina limebadilika, kwa sababu hadi 1975 ramani ziliandika Ziwa Rudolf. Maji yamepanda miaka ya karibuni na kumeza sehemu za ufuo, kwa hivyo aliyefika zamani atakuta mambo mapya.

Njia ya Eliye ina mchanga mzito. Kama gari mlilopata ni Probox, usilazimishe. Fuata barabara ya Kalokol hadi mwisho. Kabla ya kufika Kalokol kuna Namoratunga, ile duara ya nguzo za mawe. Watafiti wanasema zilisimamishwa na wafugaji wa maelfu ya miaka iliyopita. Wazee wetu wanasema ni watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuka mawe. Wape watoto hadithi zote mbili, wajadiliane wenyewe. Kalokol penyewe kuna kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa pesa za Norway, na mzee yeyote aliyeona enzi hizo atakuwa na la kusema kuhusu jinsi mradi mkubwa unavyoweza kukauka.

Chagua moja. Eliye au Kalokol. Ukijaribu zote mbili, watu watakumbuka kiti cha gari tu.

Panga kwa mwendo wa nyanya

Kosa la vijana wengi ni kupanga kwa mwendo wao, kisha kumbeba nyanya kama mzigo wa ziada. Geuza. Anza na mtu wa polepole zaidi na mtoto mdogo zaidi. Hao wawili wakiwa sawa, sisi wa katikati tutajipanga.

Gari. Kwa Eliye tafuta Land Cruiser au gari lolote la kupita mchangani, na dereva anayeijua njia hiyo. Nyanya akae mbele. Beba kigoda au kreti la soda la kukanyagia akipanda na kushuka, kwa sababu magari hayo yako juu. Mwulize dereva kama ana tairi la akiba lenye upepo na koleo la kuondoa mchanga. Akikucheka, tafuta mwingine.

Saa. Ondokeni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Lodwar jua halina huruma, mchana joto hufika nyuzi 35 na zaidi. Mkiondoka mapema, saa mbili mtakuwa mmefika, chai iko mezani na mchanga bado haujachoma. Kuanzia saa tano hadi saa tisa hakuna kutembea. Huo ni muda wa kivuli. Saa kumi kamili mwanze kurudi, mfike kabla ya giza.

Dawa na choo. Muulize nyanya kuhusu dawa za presha au sukari jioni ya kuamkia safari, msipofanya hivyo mtazikumbuka mkiwa katikati ya mchanga. Choo nacho kiulizwe mapema, kwa heshima, na umwachie shangazi kazi hiyo. Wazee wengi hukataa kunywa maji safarini kwa sababu wanaogopa kuomba gari lisimame. Mwambie dereva mbele ya wote, "Tutasimama kila nusu saa." Hapo hakuna anayeaibika.

Maji. Bebeni ya kunywa kutoka Lodwar, mengi kuliko mnavyofikiri. Maji ya ziwa yana chumvichumvi na floraidi nyingi, si ya kunywa.

Msimu. Mvua zikianza, hasa kati ya Machi na Mei, laga hujaa ghafla hata kama kichwani kwako kuna jua. Mvua imenyesha mbali, maji yanakuja kwako. Mkikuta laga linapita, shukeni mngoje. Hakuna mashindano.

Pesa, hilo neno

Safari nyingi hufia hapa. Kila mtu anaandika "tuko pamoja", siku ya kutuma doo wanapotea.

Andika bajeti yenye mistari sita tu: gari na dereva, mafuta, chakula, maji, kiingilio cha mahali mnapokaa, na akiba ya dharura. Gari lipatane bei ya siku nzima, na muelewane jioni ya kuamkia safari kama mafuta yamo au hayamo. Ugomvi mwingi wa barabarani huanzia hapo.

Ukishapata jumla, igawe kwa wenye mapato. Usiigawe kwa vichwa. Nyanya halipi. Watoto hawalipi. Aliye na kazi Nairobi alipe zaidi ya anayeuza mboga Kakuma, na asitangaze. Asiye na pesa alete kazi: kupika, kubeba, kuosha vyombo, kulala na watoto chumba kimoja usiku wa kuamkia safari. Mtu aliyechangia kitu, hata kama ni sufuria, huja.

Na beba pesa taslimu kidogo. Mtandao ukikatika, M-Pesa yako ni namba tu kwenye skrini. Mtakutana na akina mama wanaouza vikapu vya majani ya mkoma, na wavuvi wenye samaki wabichi. Nunueni hapo. Chakula kingine kitoke nyumbani: chapati, nyama ya mbuzi iliyochemshwa ikalainika kwa ajili ya meno ya wazee, chai kwenye chupa, na ng'akibuk kama kuna mtu ana ng'ombe wanaokamwa. Watoto watataka soda. Wape moja, maisha ni mafupi.

Ziwa si bwawa la hoteli

Ziwa Turkana lina mamba, na ni wengi. Hakuna mtoto anayeingia majini kabla mwenyeji hajawaonyesha ni wapi watu huoga. Uliza, usibahatishe. Kila mtoto awe na mtu mzima wake mwenye jina. "Tutawaangalia sote" maana yake hakuna anayeangalia.

Mkitaka kupanda mashua, sharti ni moja: jaketi la kuelea kwa kila kichwa, kuanzia nahodha. Upepo wa ziwa hili hauna ratiba. Kama jaketi ni pungufu, mashua ibaki ufuoni, na usione haya kuwa mwoga mbele ya binamu wa Nairobi.

Kama kuna watu wanatoka Kakuma

Kakuma hadi Lodwar ni kilomita 120 hivi na barabara imekuwa nzuri. Bado, wasitoke alfajiri ile ile. Waje jana yake, walale Lodwar, wasaidie kupika.

Halafu kuna jambo ambalo familia nyingi husahau. Kambi ya Kakuma ipo tangu 1992, na watu wameoana. Huenda shemeji yako, mke wa kaka yako, au rafiki wa mtoto aliyelelewa naye ni mkimbizi. Mkimbizi hatoki eneo la kambi vivi hivi, anahitaji karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Omba wiki kadhaa kabla. Usimwambie "twende tu, tutajitetea kwa polisi". Nyinyi mtarudi nyumbani mkicheka, yeye ndiye atakayelala seli. Kama karatasi haijatoka, sogeza tarehe. Familia ni pamoja na huyo.

Saa za kivuli

Sasa tumefika sehemu ambayo kwangu ndiyo sababu ya safari yote.

Saa tano hadi saa tisa mmekaa chini ya mikoma. Watoto wamechoka, wazee wameshiba. Usiwashe spika. Na usimwambie nyanya "tupe hadithi", kwa sababu hapo anahisi kama yuko redioni na atakataa. Muulize majina. Okota tunda la mkoma, mpe. "Ata, huu mti kwetu tunauitaje?" Atakwambia eeng'ol. Muulize nani alikuwa na haki ya mti upi kule nyumbani. Kwa Waturkana, miti ya kando ya mto ina wenyewe. Sehemu hiyo ya familia inaitwa ekwar, na watu walijua mpaka wa kila ekwar bila ua wala cheti cha ardhi. Nyanya anajua ya kwenu ilianzia wapi na iliishia wapi. Wewe hujui. Baba yako pengine anajua nusu.

Hebu fikiria maana yake. Kila siku mnasikia wanasiasa wakizozana kuhusu mpaka wa Kapedo, na kuna mtu mmoja katika ukoo wenu anayejua mti gani ulikuwa wa nani, kisima kipi kilichimbwa na babu yupi, na mwaka gani Wapokot na sisi tulikunywa maji pamoja bila bunduki. Mtu huyo ana miaka sabini na kitu na magoti yanamuuma. Watoto wa dada yako wamezaliwa Lodwar. Kapedo kwao ni neno la kwenye taarifa ya habari, na kila likitajwa kuna maiti. Wasiposikia kitu kingine kutoka kwa aliyeishi huko, watakuwa watu wazima wakiamini nyumbani kwao ni mahali pa kufia tu.

Kwa hivyo mpe mtoto mmoja kazi ya kurekodi kwa simu, mwingine kazi ya kuchora ramani kwenye daftari. Maji ya moto hapa, shule pale, mti wa babu hapa. Nyanya asahihishe. Atasahihisha kwa kelele, na mama naye atamsahihisha nyanya, na hapo mtajua siku imeiva. Waombe ruhusa kabla ya kurekodi, na mambo ya damu wakiyagusa mbele ya watoto, wewe uliye katikati uwe na busara ya kuleta chai.

Jioni mkifika Lodwar, nakili hizo sauti kwenye simu mbili tofauti kabla ya kulala. Simu huibwa, simu huanguka chooni. Ile ramani ya daftari ipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la familia, na hapo utashangaa. Wale wajomba waliokuwa kimya mwaka mzima wataanza kubishana kuhusu mti mmoja. Waache wabishane. Kila ubishi unaongeza jina kwenye ramani.

Siku ile watu wako watatu wa Kapedo watakapokujibu "njooni", mtakuwa na ramani mkononi na watoto wanaojua wanatafuta nini. Kabla ya hapo, kuna Jumamosi inakuja na ziwa liko kilomita 65. Anza na simu moja: muulize nyanya dawa zake zinaisha lini, kisha mwambie umtafutie siku.